WordPress au Drupal kwa ushirika wa kahawa
Ndugu, kwa tovuti ya ushirika wenu wa kahawa hapa Bukavu ningechagua WordPress kuliko Drupal, zote mbili zikiwa programu za kutengeneza na kuendesha tovuti, kwa sababu katibu asiyejua kuandika msimbo ataweza kuchapisha habari mwenyewe, na WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 kwa leseni huria, hailipiwi. Mtalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Drupal ni imara, lakini inadai fundi wa kudumu. Ninachokihofia hasa kwa WordPress ni programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo: zikizidi, kurasa huwa nzito kwa msomaji anayenunua mega za simu kidogo kidogo, na ile isiyosasishwa huwafungulia wadukuzi mlango. Wekeni chache tu, zinazotunzwa na watengenezaji wake, na nakala ya akiba ya tovuti ikae nje ya seva.