Muulize Daktari wa Wanyama: Jina la wifi kwenye kadi ya paka

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Tuna paka dume wa miaka 11, jina lake Kitumbua. Tangu Ramadhani namwona anaokota punje ya chakula chake kikavu, anaitafuna kwa upande mmoja, kisha anatikisa kichwa na kuitema. Udende unamtoka hadi unalowesha mto anaolalia, na kinywa kinanuka. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka kliniki ya mtaani. Alidungwa sindano ya steroidi ya kupunguza uvimbe, nikaambiwa kwamba anahitaji kung'olewa meno kwa nusukaputi na kwamba makadirio ni paundi 900. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na mume wangu anaendesha gari la kusambaza vifurushi. Mishahara yetu inalipa kodi ya nyumba na chakula bila kubakisha kitu, lakini inazidi kiwango cha kupewa msaada wa serikali. Wifi yangu, anayeishi mtaa wa pili na anayepokea msaada huo, amejitolea kumwandikisha Kitumbua kwa jina lake katika hospitali ya hisani anakotibiwa mbwa wake. Anasema kila mtu hufanya hivyo. Mama yangu, kutoka Unguja, ameniambia nimpake mafuta ya karafuu kwenye fizi. Nishike lipi?

JIBU: Alaykum salaam, dada. Nianze na karafuu, kwa sababu hiyo haiwezi kungoja mwisho wa jibu: usimpake. Kiini cha mafuta hayo, yaani yujinoli, ambacho hutuliza jino la binadamu, ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kukivunja na kukitoa mwilini kama ini letu linavyofanya. Kwa sababu iyo hiyo kidonge kimoja tu cha Panadol kinaweza kumuua. Mshukuru mama, na chupa ibaki kabatini.

Pili, asikudanganye mtu kwamba paka anayeendelea kula haumwi. Paka huficha maumivu mpaka yamzidi, na hayo uliyoyaeleza, kutafuna upande mmoja, kutikisa kichwa na kudondosha punje, ni dalili za jino lililooza au linaloliwa kutoka kwenye mzizi. Sindano aliyodungwa imepunguza uvimbe tu, na nguvu yake itakapoisha maumivu yatarudi. Una wiki chache za kujipanga, huna mwaka.

Sasa tuje kwa wifi, ambaye naamini ametoa wazo lake kwa moyo mwema. Watu wetu wengi walioko Uingereza wamezizoea hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ambako mgonjwa haulizwi pesa mlangoni, nao hudhani kwamba hospitali ya hisani ya wanyama ni tawi la huduma iyo hiyo, kwa hiyo ni mali ya serikali, na mali ya serikali tunajua tulivyozoea kuitendea. Sivyo. Shirika la PDSA, ambalo ndilo kubwa kati ya yale yanayotoa matibabu hayo, lilianzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndani ya chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, mashariki mwa London, kwa ajili ya maskini waliokuwa na mnyama mgonjwa wasiwe na senti ya kumtibia. Hadi leo linaendeshwa kwa michango, kwa maduka ya mitumba na kwa mali ambazo watu huliachia katika wasia wao. Ndiyo maana lina masharti: mwombaji awe anapokea aina fulani za msaada wa serikali, aishi ndani ya eneo linalohudumiwa na hospitali husika, na mnyama awe wake. Wewe umekulia katika nchi ambayo kila mtoto wa madrasa hufundishwa kwamba zaka ina wanaostahiki na kwamba tajiri hapangi foleni ya fitri. Kanuni ni hiyohiyo, hata kama wewe si tajiri.

Tena siri yenyewe haina maisha marefu. Tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa kufugwa huko England, mnakoishi, aliyezidi umri wa wiki 20 anatakiwa kisheria awe na chipu chini ya ngozi, iliyosajiliwa kwa jina la mmiliki. Muuguzi atapitisha kifaa cha kusomea shingoni mwa Kitumbua, namba itatokea, na namba hiyo itatoa jina lako na anwani yako. Sidhani kwamba polisi watakuja kugonga mlango kwa ajili ya meno ya paka, lakini chini ya Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006 kusema uongo kwa makusudi ili kupata faida ni kosa la jinai, na atakayekuwa ametia saini ni wifi. Hospitali ikimfutia usajili, mbwa wake, ambaye anastahiki kikweli, hatakuwa na pa kwenda.

Hata hivyo, linalonitia hofu zaidi kama tabibu ni ile sindano. Steroidi za namna hiyo huweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Wifi akifika pale na kusema kwamba paka ni wake na hajawahi kutibiwa popote, kwa sababu hana budi kusema hivyo ili hadithi isimame, daktari asiyejua habari za sindano anaweza kumpa meloksikamu, dawa ya maumivu ambayo sisi huitoa kila siku baada ya kung'oa meno. Dawa hizo mbili zikikutana huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, na figo za paka wa miaka 11 mara nyingi zimekwisha kuchoka. Daktari atakuwa hana kosa. Kitumbua ndiye atakayetapika damu usiku nyumbani kwako, na utakapompigia daktari simu hutajua ujitambulishe kama nani.

Nasema haya bila kukuona mkosaji. Kati ya anayestahiki hisani na anayeweza kutoa paundi 900 papo hapo kuna watu wengi, nanyi mmo. Mwaka 2013 ni kama asilimia 10 tu ya kliniki za Uingereza zilizomilikiwa na makampuni makubwa. Sasa ni karibu asilimia 60, na mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo imelazimika kuchunguza bei zake. Zaidi ya hapo, matibabu ya mnyama hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, kwa hiyo katika zile paundi 900 zako, ikiwa kodi imo, paundi 150 ni za serikali.

Ninachokushauri ni urudi kliniki kabla ya siku ya nusukaputi, kwa sababu mwenye kuuliza bei wakati paka amekwisha kulazwa mezani hana tena sauti. Omba makadirio yaliyochambuliwa, kila kitu na bei yake. Uliza lipi ni la lazima sasa na lipi linaweza kusubiri, ila eksirei ya kinywa usiikate, kwa sababu bila hiyo daktari anang'oa kwa kubahatisha. Piga simu kliniki nyingine tatu, huku ukiuliza kila moja inamilikiwa na nani, maana mbao za majina zinaweza kutofautiana na mwenye mali akawa mmoja. Kwa dawa atakazoendelea nazo nyumbani unayo haki ya kuomba cheti cha daktari ukanunue kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Utalipia cheti, lakini mara nyingi bado utaokoa. Uliza kama wanapokea malipo kwa awamu. Waandikie pia mashirika madogo ya wanyama ya eneo lako, ukitaja mishahara yenu kama ilivyo, kwa sababu baadhi yao huchangia sehemu ya gharama kwa watu wanaofanya kazi. Na kama mko kwenye mchezo wa upatu, kama wanawake wa Kizanzibari popote walipo, hii ndiyo sababu halali ya kuomba zamu yako isogezwe mbele.

Bima ungeikata leo isingelipia meno haya, kwa kuwa kwa kawaida kampuni za bima hazilipii ugonjwa uliokwisha kuandikwa kwenye faili.

SWALI: Daktari, hapa Nairobi kuna jirani yetu anayezalisha mbwa wa kuuza. Siku ya chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa alikuja na gari kubwa, akashusha watoto wa mbwa tisa mbele ya watoto waliokuwa wamewafunga mbwa wao kwa kamba ya katani. Je, si dhuluma mwenye uwezo kuchukua cha bure kilichowekewa wasio nacho?

JIBU: Hapana, ndugu, na ningependa tajiri huyo aje tena mwakani. Chanjo hii hutolewa bure ili kumkinga mtoto atakayeumwa, wala haiulizi mwenye mbwa ana nini mfukoni. Takriban visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, yaani asilimia 99, hutokana na mbwa, na ili ugonjwa ukatike inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Mbwa wa tajiri akiachwa nje anaharibu hesabu sawasawa na mbwa wa maskini.

Dhuluma yake itafute kwenye tangazo la kuuza. Kama ameandika kwamba watoto hao wana "chanjo kamili", huku wakiwa wamepata ile moja tu ya bure, anamdanganya mnunuzi, kwa sababu haiwakingi na parvo wala distempa, ambazo ndizo huua watoto wa mbwa kwa wingi. Mwambie yeyote atakayekwenda kununua aombe kadi, na kwenye kadi atafute kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa cha kila chanjo, tarehe, na saini ya daktari.