Goti la Mama wa Likoni: Soksi au Utepe?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Nina miaka 54, nauza viazi karai mjini na kila siku huvuka kwa feri ya Likoni. Goti la kulia huniuma kwa mbele ninapoteremka kuelekea ferini na ninapoinuka kutoka kwenye sijda. Mwanangu ameninunulia soksi ya goti, nami hulala nayo. Jirani asema nibandike utepe kama wachezaji wa mpira. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Kwanza, usilale nayo. Soksi ile hulitia goti joto na kulipa utulivu unapotembea, lakini usiku haina kazi, na ikibana huzuia damu. Vidole vikifa ganzi au mguu ukivimba chini yake, ivue, kwani huenda ni ndogo kwako.

Maumivu ya mbele yanayozidi mtu anapoteremka mara nyingi hutoka kwenye pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele. Njia ya kuivuta pia hiyo ya goti kwa utepe mgumu kuelekea upande wa ndani ilienezwa miaka ya 1980 na Jenny McConnell, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Australia. Ule wa rangi unaonyumbuka, unaoonekana kwa wachezaji, ulibuniwa Japani na Kenzo Kase. Wengi hupata nafuu, ila ni ya muda, na kwa jasho letu la Mombasa utepe hubanduka au kuwasha ngozi. Ukitoka vipele, uondoe. Mara ya kwanza ubandikwe na mtaalamu wa tiba ya viungo, akufundishe.

Mimi ningeitumia nafuu hiyo kufanya mazoezi, maana misuli ya paja na nyonga ndiyo inayolibeba goti. Keti kitini, nyoosha mguu, ushikilie kwa sekunde tano, ushushe polepole. Rudia mara kumi, kutwa mara mbili. Kama uzito umezidi, utafiti umeonyesha kuwa kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Vifaa vyenye vyuma ubavuni ni habari nyingine: huwafaa baadhi ya watu ambao gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limechakaa, na havinunuliwi kwa kukisia. Goti likivimba na kuwa la moto, likikwama au likishindwa kukubeba, nenda hospitali bila kungoja.

Kwa sasa uswali ukiwa umeketi kitini, na penye ngazi shika chuma, mguu unaouma utangulie kushuka.