Kichwa cha mtoto kwenye altrasaundi: maswali yenu ya wiki hii

Nilipiga altrasaundi nikiwa na wiki 12, wakasema mtoto yuko vizuri. Kliniki wanataka nirudie wiki ya 20. Si biashara hiyo?

Si biashara, mwanangu. Wiki ya 12 tunaona kama fuvu limejijenga; mtoto asiye na fuvu hujulikana mapema hivyo. Ubongo wenyewe bado unajengwa, na daraja linalounganisha nusu zake mbili hukamilika karibu na wiki ya 20. Ndiyo maana kipimo cha maumbile hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22. Wengi mnakuja wiki ya 34 kuuliza ni wa kike au wa kiume. Kichwa kimeshashuka nyongani, fuvu limekomaa, na mengi ya ndani hayaonekani tena vizuri.

Mionzi yake haimdhuru mtoto?

Altrasaundi haina mionzi. Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii.

Nina wiki 22. Wameandika "maji kichwani, mm 11". Mama mkwe anasema nimerogwa. Silali.

Pole sana, mama. Hujarogwa. Kila ubongo una vyumba vya maji, wako na wangu pia. Mpimaji husimamisha picha, akaweka alama mbili ndogo za kujumlisha, moja kila upande wa chumba, na mashine inasoma upana. Chini ya mm 10 ni kawaida. Kati ya 10 na 12 maji yamezidi kidogo, na pasipokuwa na kasoro nyingine, watoto wengi wa kundi hilo hukua kama wenzao. Ikizidi 15 ndipo tunapata wasiwasi mkubwa. Omba rufaa kwa mtaalamu auangalie ubongo wote, uti wa mgongo na moyo, upimwe damu kwa maambukizi kama toksoplazma, kisha picha irudiwe baada ya wiki chache. Yakiongezeka, mpange mapema kujifungulia karibu na hospitali yenye wapasuaji wa ubongo.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Mke wangu anataka mwingine. Ni kweli tatizo la mgongo huonekana kichwani?

Kweli, baba. Mgongo ukiwa wazi, ubongo huvutwa kuelekea shingoni. Fuvu hubonyea pande mbili za mbele, likafanana na limau, na ubongo mdogo, yaani ile sehemu ya nyuma ya ubongo, hujikunja kama ndizi. Daktari Kypros Nicolaides na wenzake walizieleza dalili hizo mwaka 1986, na hadi leo ndizo tunazotafuta.

Lakini msingoje picha. Uti hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Utafiti uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kuwa mg 4 za vitamini ya foliki kila siku, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Dozi hiyo ni mara kumi ya ile ya kawaida, kwa hiyo msijinunulie dukani. Nendeni wote wawili kwa daktari, amwandikie mama aanze angalau mwezi mmoja kabla hajashika mimba.