Barua kwa mwanangu: kuhusu tawi la nne

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ufungue tawi la nne la mgahawa sasa hivi, maana matatu tuliyo nayo yanajaa tangu alfajiri na mwenye jengo anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Kodi ya pango umeipigia hesabu vizuri. Ila katika karatasi zako zote sikuona jina la atakayesimama kwenye mashine ya kahawa.

Tulipofungua tawi la pili ulikuwa mdogo. Foleni zilinizidi, nikaamua buni zisagwe jioni ili asubuhi tusichelewe. Buni ikishasagwa, harufu huanza kupotea baada ya dakika chache tu, sembuse usiku kucha! Hakuna aliyelalamika. Alikuwepo mteja mmoja aliyezoea kumaliza kikombe hadi tone la mwisho. Siku moja nikaenda kufuta meza yake, nikakuta kahawa imeachwa nusu, imepoa, na kijiko kikavu. Hakurudi tena. Mpaka leo kikombe kile nakiona.

Hata wakubwa yamewapata. Tarehe 26 Februari 2008 Starbucks, kampuni kubwa ya mikahawa ya Marekani, ilifunga maduka yapatayo 7,100 nchini humo kwa saa kadhaa, wafanyakazi wafundishwe upya kutengeneza espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa mashine. Mwaka huohuo ikafunga 61 kati ya maduka yake 84 ya Australia, ambako watu walikuwa tayari na mikahawa yao midogo waliyoipenda.

Kuhusu wateja kuagiza kwa simu na kupita kuchukua, nakuunga mkono kabisa. Watengee tu sehemu yao ya kaunta, aliyekuja kuketi asikae kusubiri vikombe vya watu asiowaona.

Kisha kuna maji. Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji, na ya mtaa ule huenda si kama ya kwetu. Maji magumu, yaani yenye madini mengi, hufifisha ladha na kuacha ukoko mweupe ndani ya mashine. Yapime kabla hujatia saini mkataba.

Jibu langu ni kwamba usifungue bado. Yule binti wa tawi la kwanza, anayejua kwa kusikia tu mlio wa mashine kwamba kahawa imesagwa vibaya, mpe vijana wawili awafundishe kwa miezi mitatu. Wakiweza kutoa espreso nzuri kwa sekunde 25 hadi 30 hata foleni ikiwa imefika mlangoni, waachie nafasi yake, naye umkabidhi tawi jipya. Mpe na hisa, mwanangu, amelitumikia jina letu kuliko mtu yeyote.

Mwenye jengo akikataa kusubiri, mwache apangishe mwingine. Mimi nakuja Jumamosi asubuhi kuonja kahawa ya tawi la tatu. Usiwaambie.

Mama yako