Subukia Oktoba: usitume hiyo pesa iliyobaki, badilisha siku kwanza

Usimtumie mwandalizi wa safari salio la pesa yake. Hayo mengine uliyouliza tutafika, ila hiyo pesa iliyobaki usiitume.

Nimesoma swali lako chai ikapoa mezani. Mko Malindi, unataka kumpeleka mama yako mwenye magoti mabovu pamoja na watoto wawili kwenye kituo cha hija cha Subukia, "siku moja tu ya utulivu, tusali na kuangalia milima." Mwandalizi amewapangia mtoke Ijumaa jioni, mfike Jumamosi asubuhi, mgeuze jioni hiyohiyo. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Dada yangu, huyo mwandalizi amekwambia Jumamosi hiyo kuna nini? Hajakwambia. Najua kwa sababu wa kwangu naye hakuniambia, na maneno yake yalikuwa yaleyale uliyoyanukuu: "Ni mahali patulivu sana, mtakuwa nyinyi na ndege."

Ndege! Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ni Siku ya Kitaifa ya Maombi ya Wakatoliki wa Kenya, na hufanyika palepale Subukia, kila mwaka. Wanakuja maaskofu, mapadre, masista, makwaya na sare zao, mabasi ya parokia kutoka Lodwar hadi Machakos. Watu ni maelfu kwa maelfu. Oktoba yote ni mwezi wa rozari, kwa hiyo hata bila siku hiyo watu wangekuwepo, lakini Jumamosi hiyo ni nchi nzima kwenye kilima kimoja. Anayetaka kuimba na kusali na nchi nzima, aende na Mungu ambariki, ni siku yake. Wewe hukuuliza hilo. Umeuliza mahali pa mama kukaa kimya.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya babangu. Tulikuwa tumemzika karibuni, na kulikuwa na maneno kati yetu ambayo hayakuisha. Nikaona nitafute mahali pa juu, mbali na nyumbani, nisipojulikana, niketi niyamalize. Ndipo nikakutana na huyo bwana na pakeji yake: gari, malazi, chakula, "mwongozo wa kiroho." Nikalipa yote mkupuo mmoja, maana aliniambia nafasi zinaisha. Zingeishaje na gari lilikuwa nusu tupu? Hilo sikuliuliza. Nilikuwa na majonzi, mtu mwenye majonzi hakagui viti.

Na msinichekee kwamba tarehe ilitangazwa kanisani. Ilitangazwa, tena zaidi ya mara moja. Matangazo ya mwisho wa misa mimi huwa niko nje natafuta bodaboda kabla hawajapandisha bei.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana ndiyo itakayokukuta. Tulitoka Malindi saa kumi na moja jioni. Fanya hesabu ambayo huyo bwana hakuifanya. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Mombasa hadi Nairobi karibu 480, usiku, nyuma ya malori. Nairobi hadi Nakuru 160. Nakuru hadi Subukia, kwa barabara ya Bahati inayoendelea mpaka Nyahururu, kama 40. Jumla yake ni kilomita 800, na dereva alikuwa mmoja. Mmoja, jamani! Mtito Andei alinawa uso, akanywa soda, tukaendelea. Niliyekuwa macho usiku kucha kwa sala za kweli ni mimi, kwenye kiti cha nyuma yake, nikimhesabia kope. Kwa hiyo ukiniuliza kama nilisali safari ile, nilisali sana, ila yote ilikuwa barabarani.

Tulipokaribia, foleni. Magari yamesimama, watu wanashuka wanakwenda kwa miguu na viti vya plastiki kichwani. Sisi tukashuka pia. Na baridi! Pale ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, mimi nimevaa champali na shati la mikono mifupi, kwa sababu niliambiwa "Oktoba ni joto." Ndiyo, Malindi. Mama mmoja wa kundi letu alijifunika leso zake mbili juu ya baibui la binti yake na bado meno yaligonga. Mahamri tuliyobeba yalikuwa yamekakamaa kiasi kwamba ungeweza kuyarusha ukamjeruhi mtu, na nilikuwa na mtu wa kumrushia.

Kuhusu malazi tuliyolipia, tulionyeshwa gari.

Lakini hayo siyo yaliyoniuma. Kituo kile kimekaa hivi: chini kuna kanisa na uwanja, kisha njia inapanda mlimani, unapita vituo vya Njia ya Msalaba mpaka kwenye chemchemi huko juu. Maji yake watu huyanywa, hunawa, hujaza mitungi wakapeleka nyumbani kwa wagonjwa. Kupanda huko ndiko nilikokujia. Misa ilikuwa nzuri, sikatai, kwaya zilikuwa moto, lakini spika zilikuwa pande zote na mimi kichwani nilikuwa najaribu kuongea na marehemu. Huwezi kumaliza ugomvi na babako huku umebanwa kati ya tarumbeta na mwamvuli wa mtu. Nikajiambia subiri, misa ikiisha utapanda. Misa ikaisha, na watu wote nao walikuwa wamejiambia hivyohivyo. Mstari wa kwenda chemchemini ulikuwa hausogei. Alasiri mvua ikashuka, maana vuli ya bara huanza kwa michezo hiyo, njia ikawa tope, na champali moja ikabaki humo mpaka leo.

Simu ikalia. Dereva. "Tunaondoka sasa, mkichelewa tutakwama."

Tukaondoka. Kilomita 800 za kwenda, nikafika chini ya kilima, nikakitazama, nikarudi kilomita 800. Chemchemi sikuiona. Kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba niliona kilele chake juu ya vichwa vya watu. Hela ya mchango wa arobaini ya babangu iliyobaki ilikwishia humo, na hilo nyumbani nililieleza kwa maneno mengine kabisa, kwa hiyo kama kuna ndugu yangu anasoma hapa, wewe pita.

Nilipompigia mwandalizi, unajua alisema nini? Eti "utulivu ni wa moyoni, ndugu." Bwana wewe! Utulivu wa moyoni ninao bure nyumbani Malindi, ulinitoza malazi ya nini? Watu wa namna hii wanajua tarehe vizuri kuliko katibu wa parokia. Wanaichagua makusudi, kwa sababu siku hiyo kuna watu wengi wanaotaka kwenda, gari litajaa au halitajaa yeye keshapata. Halafu wewe anakuuzia ukimya, na jirani yako anamuuzia shangwe, safari ni ileile. Kituo chenyewe hakina kosa hata chembe. Siku ile ni ya shangwe, haikufichwa. Aliyeificha ni aliyekula hela.

Kwa hiyo: Jumanne. Hiyo ndiyo dawa yangu na sina nyingine. Nenda Jumanne. Kama Jumanne haiwezekani, Jumatano. Wikendi ya Oktoba usiikaribie, yoyote ile, na tarehe 10 na 20 ni sikukuu za taifa, hizo nazo ziruke.

Nilirudi baadaye Jumanne, kwa hela yangu, bila kumwambia mtu. Nilipanda treni ya Mombasa ya saa tisa alasiri pale Miritini, shilingi 1,500 daraja la kawaida, usiku nikawa Nairobi nikalala kitandani kama binadamu. Kesho yake matatu ya Nakuru, nikalala tena Nakuru, ndipo asubuhi nikachukua matatu ya Subukia. Ni polepole, najua. Lakini mama yako akikaa usiku mmoja Nakuru kabla ya kupanda, magoti yake yatakushukuru, na kifua kitakuwa kimeizoea hewa ya huko. Kutoka usawa wa bahari mpaka mita 2,000 bila kulala, halafu mlima, kwa mtu wa umri wake? Hapana.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu juu ya Bonde la Subukia, mashamba ya mahindi yakitokea kidogo kidogo kadiri jua linavyopanda. Watu tulikuwa wachache. Mzee mmoja alikuwa anapanda na rozari, anasimama kila kituo muda mrefu, nami nikawa nyuma yake sina haraka ya kumpita. Mafransisko wanaotunza pale walikuwa na shughuli zao, mmoja akaniamkia akapita. Huko juu nilikaa. Ya babangu tuliyaongea, hayo ni yangu. Maji nilijaza chupa, na hapo tena ushauri: beba chupa yako, na usibebe mtungi wa lita 20 kama unarudi Malindi kwa matatu tatu na treni. Kuna mtu alifanya hivyo. Hatumtaji.

Mandhari uliyoitaka ipo, lakini asikudanganye mtu na picha za miti myekundu ya Ulaya msimu huu. Mstari wa ikweta unapita hapo karibu, miti ni kijani Januari na kijani Oktoba. Uzuri wake ni wa asubuhi, ukungu na bonde. Ukifika saa tano umekosa, na mvua ikija huwa inakuja mchana, kwa hiyo saa tatu uwe umeshaanza kupanda. Mkiwa na siku ya ziada, endeleeni na barabara hiyohiyo mpaka Nyahururu mkaone maporomoko ya Thomson, maji yanaanguka mita 74, watoto watafurahi kuliko kwenye kilima. Na kama gari lenu la Nakuru litapitia barabara ya chini ya Mai Mahiu, kuna kanisa dogo sana kando ya njia, walilijenga wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara ile. Sisi watu wa Malindi tunadhani Waitaliano walikuja na piza.

Uliuliza kuhusu hoteli, kamera, chakula cha watoto, na kama jirani yenu Mwislamu anaweza kuandamana nanyi. Jirani aje, hakuna anayekagua cheti cha ubatizo langoni, na mama yako atapata mtu wa kuongea naye treni nzima. Chakula, kuleni Nakuru kabla hamjatoka, mahamri acheni nyumbani, nimeshasema yanavyokuwa. Hayo mengine yanategemea siku mtakayokwenda, ndiyo maana nakurudisha palepale: Jumanne.

Utaniambia watoto wana shule na kazini hupewi ruhusa. Basi ngoja likizo ya Novemba, ila mbebe makoti ya mvua, vuli itakuwa imekolea. Au kama ni lazima iwe Jumamosi hiyohiyo na ni lazima iwe kimya, msiende mbali. Shukeni pale kwenye kakanisa ka Wareno, karibu na bahari, kenye paa la makuti na makaburi uani. Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kakanisa kale kanaitwa kwa jina lake. Kisha tembeeni taratibu mpaka kwenye mnara wa Vasco da Gama, mama akae kwenye kivuli, upepo upo, bahari ipo. Si mlima, lakini hamtabanwa na tarumbeta, na nauli ni ya tuktuk.

Sasa mwandikie mwandalizi wako, leo, kwa maandishi: dipoziti yetu ihamie Jumanne ya wiki ya pili, au uirudishe. Muulize malazi ni nyumba gani, ina jina gani, na dereva ni wangapi. Ukiona anajibu kwa kukuletea mstari wa Biblia, dipoziti hesabu imekwenda, na nauli ya treni kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu mzima, bado mtatoka nafuu. Akikupigia simu badala ya kuandika, usipokee. Anaongea vizuri mno.