Mnaoanza Kilatini, andikeni maana kwa Kiswahili

Wadogo zangu mnaoanza Kilatini, karibu vitabu vyote mtakavyopewa viliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno: Kilatini kushoto, Kiingereza kulia. Mwaka wangu wa kwanza niliikariri orodha hiyo kama ilivyo, kwa hiyo kila sentensi niliivusha mito miwili, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili. Njiani maana nyingi zilizama. Mwaka wa pili nilinunua daftari jipya, nikawa naandika maana kwa Kiswahili moja kwa moja. Hapo ndipo maneno yalipoanza kukaa.

Neno lililonifumbua macho ni altus. Kitabu kilisema lina maana mbili, ya kwenda juu na ya kwenda chini, kikatuonya kuwa ni neno la kutatiza. Linamtatiza nani? Sisi tunasema mlima mrefu na kisima kirefu, na mtoto asiyejua kuogelea tunamkataza kuingia maji marefu. Mons altus, puteus altus, aqua alta. Kilichobaki kwetu ni kukumbuka kwamba urefu wa njia na wa muda Mrumi aliuwekea neno lake, longus.

Jamaa za ukoo ndizo zilizonifurahisha kuliko yote. Avunculus ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Patruus ni ndugu wa kiume wa baba: baba mkubwa au baba mdogo, na watu wa pwani watasema amu. Amita ni shangazi. Matertera ni mama mkubwa au mama mdogo. Msomaji wa Kiingereza hukariri maneno manne kwa taabu kwa sababu yeye ana mawili tu, na hayo mawili yenyewe yametoka huku huku: "uncle" ni avunculus aliyepitia Kifaransa, na "aunt" ni amita. Yaani Kiingereza kilimchukua mjomba na shangazi, kikawapa kazi ya upande wa pili pia. Msipoteze tofauti hii, kwa maana Warumi waliitumia. Mwaka 56 KK, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, akimtetea kijana Caelius mahakamani, alimfananisha mmoja wa washtaki na patruus mwenye uso uliokunjamana, anayekemea starehe za vijana. Kwa Warumi ndugu wa baba ndiye aliyekuwa na sifa ya ukali. Ukitafsiri hapo "mjomba", utakuwa umemharibia Cicero hoja yake.

Sasa vitenzi. Msikubali kitenzi kikubwa kuandikwa kwa maana moja. Chukueni ago. Asili yake ni kuswaga, kama mtu anavyoswaga ng'ombe. Lakini vitam agere ni kuishi, gratias agere ni kushukuru, causam agere ni kutetea kesi mahakamani. Mimi hulilinganisha na piga yetu. Mgeni anayejua tu kwamba kupiga ni kuchapa atafanya nini akisikia kupiga pasi, kupiga simu, kupiga magoti? Atashangaa, na hatakuwa na kosa, kosa ni la aliyemfundisha neno likiwa peke yake. Kwa hiyo kwenye daftari andikeni fungu zima la maneno, na ikiwezekana sentensi mliyoikuta. Vivyo hivyo na res. Orodha husema "kitu", basi. Lakini res publica ni dola, res gestae ni matendo aliyoyatenda mtu, na res novae, ambayo kwa juu juu ni mambo mapya, mara nyingi ni mapinduzi.

Kiswahili nacho kina mahali kinapotuponza, lazima niseme. Neno familia tunalitumia kila siku tukimaanisha baba, mama na watoto. Familia ya Mrumi iliwahesabu na watumwa wa nyumbani, na pengine neno hilo linawataja watumwa peke yao. Pirum, tunda ambalo Waingereza huliita "pear", si pera letu. Jina pera lilikuja na Wareno, na kwao bado ni lile tunda la Ulaya. Sisi tukalibandika kwenye tunda la mpera. Na hospes hatuna neno la kumtosha, kwa sababu ni mgeni na ni mwenyeji pia. Itabidi sentensi ikwambie nani kamkaribisha nani. Wakati mwingine ni Kiingereza tunachokijua ndicho kinachotupotosha. Egregius ni aliyejitokeza kundini kwa ubora, maana grex ni kundi la mifugo. Kiingereza kililichukua neno hilo, na leo wanalitumia kwa kosa la kupindukia. Crimen nayo, ukiikuta kwa Cicero, jaribu kwanza "shtaka" kabla hujasema "uhalifu". Mtu anaweza kubebeshwa crimen na asiwe amefanya lolote.

Nomino iandikwe na umbo lake la pili, lile la umiliki, kila mara: rex, regis; iter, itineris; corpus, corporis. Ukijua rex peke yake, siku utakapokutana na regem hutamtambua mfalme uliyemkariri jana. Mimi nilidharau hili, na mtihani ukanionyesha.

Na someni kwa sauti, mkiangalia kistari juu ya irabu, kinachoonyesha kwamba irabu ni ndefu. Wanafunzi wengi hukipuuza kwa sababu maandishi ya kale hayana kistari hicho. Lakini sisi tunajua kufa na kufaa ni mambo mawili, wala hatuhitaji kuelezwa kwamba urefu wa irabu hubadili maana. Liber kwa i fupi ni kitabu, līber kwa i ndefu ni mtu huru. Malum ni uovu, mālum ni tofaa. Occido kwa i fupi ni naanguka au nakufa, occīdo ni naua. Jozi hizi ziwekeni ukurasa mmoja wa daftari, mzitamke asubuhi kabla ya kipindi.