Ni moshi zaidi kuliko vumbi

Ule utando wa kijivu unaoficha mlima Loleza, hapa Mbeya, mwezi wa 9 ni moshi zaidi kuliko vumbi. Vumbi nene huanguka karibu na lilikotimuka. Chembe za moshi nyingi hazifiki mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), hukaa angani siku kadhaa hata wiki, mpaka mvua izioshe. Kemia ndiyo ushahidi. Moshi mbichi wa nyasi hubeba vifuwele vya kloridi ya potasiamu, yaani chumvi ya potasiamu na klorini. Ukisafiri, asidi ya salfa na ya nitriki zilizomo hewani huifukuza klorini, inabaki salfeti na nitreti ya potasiamu. SAFARI 2000, utafiti mkubwa wa hewa na moshi, uliliona hilo kusini mwa Afrika. Basi chujio la kunasa chembe za hewani likionyesha potasiamu nyingi na klorini kidogo mno, moshi huo si wa leo. Silikoni na alumini zikizidi, hilo ni vumbi.

Ila potasiamu haitaji nchi moshi ulikotoka. Upepo wa kiangazi huku mara nyingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kabla ya kuilaumu Zambia angalieni Malawi na Msumbiji, na mashamba tunayochoma wenyewe. Chujio lisiwekwe jirani na jiko la kuni, litapima jiko.